Nyuzi za Fundi Cherehani

Fundi anayeshona majoho ya kwaya yetu ana ncha za vidole zilizojaa alama za sindano, na sauti nyembamba isiyopanda hata akikemea. Anayetaka kuombewa humfuata kwenye cherehani. Yeye hukata uzi, akaufunga kwenye mkono wake wa kushoto, akasema, "Nimeshika, mwanangu. Na wewe uombe." Kufika Jumatano nyuzi hukaribia kiwiko. Kwenye ibada ya siku hiyo husimama mbele yetu akazifungua mmoja mmoja, akiiombea kila shida, nasi tunaitikia. "Sisi kazi yetu kuleta vitambaa, mama ndiye fundi," kiongozi wa kwaya hupenda kutania, tukacheka.

Jumatano iliyopita alifungua nyuzi zote, ukabaki mmoja mwekundu. "Huu ni wangu," alisema. "Kesho napasuliwa tumbo, na daktari hajaniahidi kitu. Niombeeni, wanangu." Akakaa. Watu arobaini tukafumba macho, tukainamisha vichwa, kimya. Kimya kilipozidi nilifumbua jicho moja kumtazama kiongozi wa kwaya. Naye alikuwa amefumbua lake, anamtazama mama. Ndipo nikaelewa: wote tulikuwa tunamsubiri mama mwenyewe aanze. Miaka kumi na mmoja naandika mahudhurio ya ibada ile, na nilipotafuta neno langu mwenyewe la kumwambia Mungu, sikulipata. Mwishowe ikasikika sauti ile nyembamba, "Bwana, nakuja kwako mimi mwenyewe..." Akajiombea mpaka mwisho. Nasi tukaitikia "Amina" kwa pamoja, kwa nguvu kuliko siku zote.