Herufi Nene za Fundi Bonge

Fundi Bonge mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Zilizokuwa bonge ni herufi zake: nene, hazina kona hata moja, zimevimba kama mtu aliyejaza hewa mashavuni. Alizichora juu ya milango ya maduka ya mikate, saluni, shule za chekechea na vibanda vya aiskrimu, na aliyekuwa ng'ambo ya barabara alizisoma bila kukunja macho.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Yeye alitangulia kuchora mistari ya nje, mkewe akafuata na brashi pana kujaza rangi, huku akimtania.

"Hii B yako leo imeshiba kupita kiasi."

"We jaza tu, mke wangu."

Hawakujaliwa mtoto. Walirudi nyumbani wawili, wana madoa ya rangi moja.

Wakili mmoja tu ndiye aliyewahi kuzikataa. Alilitazama bango lake jipya, akatikisa kichwa. "Fundi, maandishi haya yanacheka. Wateja wangu huja wanalia." Njia nzima ya kurudi, mke wa Bonge alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha mke akaugua, na mvua za mwaka ule hazikuisha akiwa hai.

Baada ya maziko, shemeji yake, kaka wa marehemu, alimwomba aandike kibao cha kaburi. "Nani mwingine wa kumwandika, shemeji, kama si wewe?"

Bonge alianza na herufi nyembamba, zilizonyooka. Akarudi nyuma kuzitazama. Jina halikukosewa, ila lilikuwa kama la mtu yeyote anayeitwa kwenye foleni ya hospitali. Akalifuta kwa mafuta ya taa. Lilikuwa jina fupi, lenye O mbili. Akazichora upya, nene, zimeegemeana. Ilipofika zamu ya kujaza rangi, akashusha mkono, akasogea kando kumpisha mwenzake. Karakana ilikuwa kimya. Akaishika brashi pana mwenyewe, na rangi ikavuka mstari hapa na pale, maana hiyo haikuwa kazi yake.

Shemeji alikiona kibao Bonge alipokifikisha makaburini.

"Shemeji, hapa ni kaburini, si dukani."

"Najua."

"Kina shangazi wameshaanza kusema. Watu watatucheka."

Bonge hakubisha. Kilichosimikwa ni kibao cha fundi mwingine, cha herufi za kawaida. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kukibeba kile cha kwanza hadi nyumbani.

Chumba kilikuwa kidogo, basi Bonge akakiegemeza kibao barazani. Siku moja alasiri akasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwenye kikapu.

"Mmefungua?"

"Tumefungua nini, dada?"

"Kwani hapa si dukani? Nimeliona jina tangu kule kwenye kona."

"Hapauzwi kitu. Ni jina la mke wangu."

"Aa! Yupo ndani?"

"Ametutoka."

Mwanamke akashusha kikapu. "Pole sana, kaka. Nisamehe. Nimeliona tu, nikahisi nakaribishwa."

Bonge aliingia ndani upesi, akatoka na kigoda. "Kaa basi, upumzike kidogo."

Mgeni alishukuru, ila alikuwa na safari yake. Bonge akamsindikiza kwa macho hadi alipopotelea kwenye kona. Kisha akakiweka kigoda kando ya kibao, akakaa yeye, mpaka jua likahama ukutani.