Makofi Njia ya Kidahwe

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi. Sikiliza kwanza, kisha ubishe.

Baba yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliacha baiskeli ya injini aliyokuja nayo kwa boti kutoka Bujumbura. Si pikipiki, unielewe. Ni baiskeli ya pedali, na injini imekaa juu ya gurudumu la mbele, ikizungusha kigurudumu kidogo kinachosugua tairi. Ukivuta mkono wa chuma, injini nzima inanyanyuka. Ukiurudisha, inalalia tairi na kuanza kukuvuta. Vijana wa bodaboda pale Kasingirima, mtaani kwetu Ujiji, waliniuliza kama ni mashine ya kusagia karanga.

Niliifufua kwa ajili ya mama. Masikio yake yalikuwa yanaziba, daktari alishasema hakuna dawa, naye akaniambia, "Mwanangu, kabla hayajaziba kabisa, nataka kuisikia ile mashine ya baba yako ikiingia uani." Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Basi nikaanza safari ya Kidahwe, kwa mama. Njiani mvua ikanyesha, na adui wa injini ile ni maji. Kilimani kigurudumu kikawa kinateleza tu: injini inalia, baiskeli imesimama, petroli inaishia. Niliogopa, nakwambia ukweli. Akilini nilimwona mama akilala bila kuisikia, na kesho pengine asisikie tena.

Giza likiingia, akatokea mzee mmoja. Shati lake lilikuwa kavu. Akanisalimia kwa makofi, kama Waha wa huko Kidahwe wanavyosalimiana, lakini makofi yale hayakutoa sauti. Niamini. Viganja vilikutana, nami nikasikia mvua tu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, mikono usukanini. Akapiga tena. Mimi nililelewa Ujiji kwa shangazi, ikanichukua muda kukumbuka kwamba salamu ya makofi hujibiwa kwa makofi. Nikaachia usukani nikapiga. Baiskeli ile kichwa chake ni kizito, ikaanguka palepale, injini ikanyanyuka, na tope lililoganda kwenye kigurudumu nikaliona.

Mzee akacheka. "Afadhali imeanguka. Kifute, halafu ukipe majivu."

Akanimiminia kiganjani majivu makavu, yenye joto. Nilipomaliza kupaka nikainua uso nimshukuru. Barabara ilikuwa tupu.

Kwa woga ule nilipaswa kukimbia kwa miguu, lakini injini ilishika, na furaha ikanizidi. Nikaingia uani naimba. Mama alikuwa mlangoni, analia na kucheka.

"Nimeisikia," akasema. "Na huyo uliyempakia, mbona mnakuja anapiga makofi tu? Mawili, kisha moja. Baba yako alikuwa akinisalimia hivyo kila jioni."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikagusa keria. Mvua yote ile, na keria ilikuwa kavu.

Leo mama hasikii hata radi. Lakini jioni akiwa barazani, mara utamwona anapiga makofi mawili, kisha moja, anatabasamu. Mimi sisikii kitu, na moyo wangu umetulia hivyo hivyo.

Wewe unayepita njia ya Kidahwe, ukipigiwa makofi usijidai una haraka. Achia usukani, ujibu. Chombo kikianguka utakiinua.