Mtungi wa Mkwe Mkubwa

Maeng Dong-pil, fundi wa boila mjini Jeonju, alivijua vyoo vya mji ule kuliko halmashauri iliyovijenga. Hakuvijua kwa kupenda. Tumbo lake likiguswa na ngano au shayiri lilimkimbiza kama mwizi wa kuku, na daktari alishamwambia aachane na nafaka hizo kabisa.

Akaacha tambi. Akaacha bia, jambo lililomtoa machozi. Kisha akagundua kuwa ngano ina tabia za kishushushu: imejificha kwenye mchuzi wa soya, imo hata kwenye vitumbua vya mchele vya pilipili, ambavyo mchele wake umebaki kwenye jina tu. Chai ya bure mikahawani nayo ni shayiri iliyokaangwa. Akawa mtu wa kusimama dukani na miwani puani, akisoma migongo ya pakiti, mpaka wauzaji wakaanza kumwamkia kwa adabu wakidhani katumwa na serikali.

Kitu kimoja tu alikiamini: kimchi ya mama mkwe wake, Bi Gwak wa Imsil. Kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili, vitunguu saumu, na uji mwepesi wa mchele wa kushikanisha viungo. Kila mwanzo wa baridi alipewa mtungi wake peke yake. Tumbo likichafuka, alikula wali na kimchi ya Bi Gwak, ndiyo dawa. Tumbo likazidi. Akaongeza dawa.

"Labda ni roho mbaya," mkewe, Ok-hui, alimwambia kupitia mlango wa choo. "Una kijicho na nani?"

Mwaka huo, siku ya kusindika kimchi, ukoo wote ulijaa uani kwa Bi Gwak, wanawake wakiwa na glavu za mpira, wanaume wakibeba makabichi na kutoa sifa. Dong-pil alikuwa na mgongo mbovu, basi akapewa mwiko akoroge uji. Sufuria kubwa ilikuwa ya mchele. Akaikoroga kwa amani. Kisha Bi Gwak akaja na sufuria ndogo na pakiti ya unga mweupe.

"Mama, huo unga gani?"

"Wa ngano. Koroga, usiulize."

"Wa kazi gani?"

"Wa mtungi wako." Bi Gwak akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hawa wengine usiwaambie. Hawa nawapa mchele. Kwetu unga mweupe ulikuwa wa kaka yangu, sie wasichana tulilamba mwiko. Sasa mkwe wangu mkubwa nimpe mchele, kwani yeye kifaranga?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu umuoe Ok-hui."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Dong-pil kilikuwa mtungini, na kila mwaka alikipokea kwa kuinama.

Aliendelea kukoroga, maana hakujua mtu hufanya nini kingine. Kusema ni kumtukana mama wa watu. Tena katika nyumba ile ukubwa haukuwa wa maneno: mkwe mkubwa ndiye aliyechinjiwa kuku anayetaga. Mkwe mdogo, Pyo Chang-gi, muuza bima za magari, alipata shingo na pole.

Nyama ya nguruwe ikaiva. Bi Gwak akachana jani la kabichi kutoka mtungi maalumu, akakunja ndani yake kipande cha nyama, akafanya tonge la kumziba mtu pumzi, na mbele ya ukoo wote akamsogezea Dong-pil mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, aaa."

Dong-pil akafunga mdomo.

"Mama, naomba nile anayokula Pyo."

Ukoo mzima ukageuza shingo.

"Anayokula Pyo? Umegombana na binti yangu?"

"Hapana, mama."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Ngano inaniharisha."

Mchuzi mwekundu ulimtiririka Bi Gwak mpaka kiwikoni. "Tangu umuoe?"

"Mwaka wa kwanza nilidhani ni mapenzi."

"Na kusifu kote kule? Na kuomba uongezwe?"

"Ilikuwa tamu, mama."

Bi Gwak akautazama mtungi. Lakini tonge likishainuliwa lazima liingie mahali. "Pyo! Fungua mdomo."

Pyo akafungua kama droo. Alipotafuna, macho yakamtoka. "Mbona yangu haijawahi kuwa hivi?"

"Hii ni ya mkwe mkubwa."

"Si ni shemeji Maeng?"

"Alikuwa."

Baridi ile tumbo la Dong-pil lilikaa kimya, mpaka usiku mwingine aliamka kulisikiliza kama bado lipo. Mwaka mpya wa jadi ulipofika kuku alichinjwa, mapaja yote mawili yakaenda kwa Pyo, aliyekuwa amejifunza kukaa kifua mbele. Dong-pil akawekewa shingo.

Aliifyonza taratibu. Bi Gwak akapita nyuma yake na bakuli la wali, akaliweka bila kumtazama.

"Kimchi ya mchele imekaa tumboni?"

"Imekaa, mama."

"Basi kula. Kuku huyo nimemlisha mahindi matupu tangu siku ile ya kimchi."