Brashi za Marehemu Baba

Mama yangu hunywa maji ya ziwa, na hayachemshi. Amezaliwa kwa wavuvi wa Mara, hatua chache kutoka majini, na ukimtajia habari ya kuchemsha anakutazama kana kwamba umemtukania wazazi. Nyumbani kwetu Pasiansi bomba liko uani. Hata hivyo kila siku akimaliza kuanika dagaa wake mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, hurudi na ndoo ya ziwa kichwani.

Mwaka jana alilazwa mara mbili kwa ajili ya tumbo. Mara ya pili alikuwa amepungua mno, nikamnyanyua peke yangu kumweka kitandani, mimi ambaye gunia la mkaa hunishinda. Daktari alisema ni maji. Alisema pia kwamba safari ya tatu tusitegemee sana kwamba atapona. Nilirudi naye nyumbani nikiwa na hofu ambayo mpaka leo haijanitoka, na kesho yake nikaamka nikakuta ameshatoka na ndoo.

Nililia, nikafoka, nikaificha ndoo. Akaazima ya jirani.

Nikaona basi, kama mama haliachi ziwa, labda watu wataacha kulichafua. Najua inachekesha. Mimi ni mchora mabango wa Igoma, ninachora vichwa vya wanawake kwenye saluni na kuku kwenye vibanda vya chipsi. Nani atanisikiliza? Lakini sikuwa na kingine ninachokijua, na kukaa nikimsubiri mama augue tena nilikuwa siwezi.

Pale mwaloni kulikuwa na mtumbwi mkubwa mbovu, umepinduliwa mchangani. Nikamwendea mwenye mtumbwi.

"Shikamoo, mzee. Naomba ubavu wa mtumbwi wako nichore."

"Marahaba. Unataka kuchora nini?"

"Ziwa."

Akalitazama ziwa, kisha mimi. "Si hilo hapo?"

"Nataka kuchora la chini, mzee. Lile tusiloliona."

"Haya, chora. Ila usinichoree mambo ya kichawi."

Nilichora siku tatu. Nilichora sangara mwenye chupa za plastiki tumboni, zinaonekana zote kama kwenye picha ya eksirei. Nikachora sato aliyevishwa pampasi kichwani, na kundi la dagaa waliokwama ndani ya mfuko. Maji niliyapaka ule ukijani wa pale ufukweni, uleule unaonuka. Juu kabisa nikamweka mwanamke aliyeinama na ndoo. Sikumchora uso, ila kanga yake kila mtu pale anaijua.

Watu walikuja. Walicheka, walipiga picha, na mimi mjinga nikaanza kuwa na matumaini. Siku ya pili kijana mmoja akajipiga picha na sangara wangu, akamalizia maji aliyokuwa anakunywa, akairusha chupa ziwani. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka.

"Dada, punguza jazba," alisema. "Chupa moja tu."

Nikaingia majini na viatu vyangu kuitoa, huku watu wakinipigia miluzi.

Sasa nieleze habari ya brashi. Marehemu baba alikuwa mchora mitumbwi pale pale mwaloni, na alinifundisha kuosha brashi kabla hajanifundisha kuzishika. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Unaanza na petroli kwenye kopo, halafu unasugua kwa mchanga wa ufukweni, halafu unasuuza ziwani ukitikisa mpaka zisitoe rangi, na kopo unalimwaga papo hapo. Brashi zake ninazo hadi leo, hazijang'oka hata unywele. Siku zote tatu niliziosha hivyo hivyo. Sikuwaza. Naapa sikuwaza, mkono ulikwenda wenyewe kama baba alivyouzoesha.

Siku ya tatu, saa sita mchana, nilikuwa nasuuza ya mwisho nilipoinua kichwa nikamwona mama. Alikuwa hatua chache kutoka nilipochutama, maji yamemfika magotini. Utando wa mafuta ulikuwa unamzunguka miguu, una ukijani wangu na wekundu wa mapezi ya sangara. Hakushtuka. Aliusukuma kando kwa kiganja, kama anavyosukuma magugu maji, akazamisha ndoo.

"Mama, usichote!"

"Kuna nini tena?"

"Yana petroli. Ni mimi, mama. Nimeosha brashi."

Akainamia ndoo, akanusa. "Ah. Ndiyo maana tangu juzi yananuka kama bodaboda."

Tangu juzi. Maana yake alikuwa ameyanywa, siku mbili nzima, na mimi nikiwa juu ya mtumbwi nawafokea watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeficha ndoo tena."

Nikamfuata majini nikaishika ile ndoo kwa mikono miwili. "Mwaga, mama. Nakuomba kwa jina la Mungu, mwaga."

Hakubisha. Labda aliona uso wangu. Akageuka kutafuta mahali. Kulia kulikuwa na nyavu alizoanikia dagaa wake. Kushoto kulikuwa na mfereji unaoshuka kutoka mitaani na kuingia ziwani. Mbele yetu lilikuwa ziwa.

"Nimwage wapi?" aliniuliza.

Tukabaki tumesimama humo, wote wawili tumeishika ndoo, na sikuwa na pa kumwonyesha.