Nguo za Kutokea Kumbini

Nilitoka Nyangamara asubuhi bila kujua ninaelekea wapi. Nilichojua ni kimoja tu: kabla ya Jumapili niwe nimerudi na nguo za watoto wawili. Nisiporudi nazo, wapwa wangu wangetoka jandoni wamefungwa kanga za mama yao, mbele ya kijiji kizima, wenzao wote wakiwa wamevaa nguo mpya. Dada yangu alinisindikiza mpaka kwenye mikorosho ya mwisho bila kusema neno. Dada yangu ni msemaji. Akinyamaza, ujue amekwisha kukata tamaa na wewe.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo nimezunguka pwani yote nikifanya kila kazi isiyodai cheti. Dada aliolewa bara ya Lindi, na kwa watu wa huko mjomba si mgeni wa kuja kula na kuondoka. Mjomba ndiye anayemvisha mtoto siku ya kutoka jandoni. Shemeji yangu alinieleza hilo miezi mingi kabla, nami nikaitikia. Sikuuliza zaidi. Mimi, ambaye huwauliza madereva kwa nini lori lina magurudumu mengi nyuma kuliko mbele, siku hiyo sikuuliza kitu.

Zile zilikuwa siku za ruksa. Miaka michache nyuma watu walikuwa wanapanga foleni duka la ushirika kugombea kipande cha kitambaa, sasa Lindi mjini mitumba ilikuwa imemwagwa chini mafungu kwa mafungu, unainama na kuchambua mwenyewe. Nilichambua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikapata mashati mawili yenye picha ya dubu kifuani na kaptura mbili za samawati zisizo na kiraka. Nikarudi nazo Nyangamara nikijiona bingwa wa kubana matumizi.

Ubingwa haukuishia hapo. Siku watoto walipokuwa wanaingizwa kumbini, yaani kwenye kibanda cha porini wanakokaa mpaka wapone na kufundishwa, niliona wenzao wanakwenda wamevaa matambara. Nikawaza: hawa wangu nitawavisha zile mpya. Huko ndani watavuliwa, zitakaa zimekunjwa, na siku ya kutoka watazivaa tena. Nguo pea moja, sherehe mbili. Nilitaka hata kuwafundisha wajomba wengine.

Walipoondoka na madubu yao vifuani, watu walinitazama kwa namna ambayo niliidhani ni wivu.

Kumbe ilikuwa heshima. Siku tano kabla ya kutoka, mlezi wa kumbi alipita nyumbani kumwambia shemeji maandalizi yamekamilika. Nikamuuliza, kwa kujiamini kabisa, kama zile nguo hazijaliwa na mchwa. Mzee akanitazama, akamtazama shemeji, kisha akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kitu kilichoingia kumbini hakirudi nyumbani. Siku ya kutoka kibanda kinachomwa moto na kila kilichomo, ndiyo maana watu huwapeleka watoto na matambara.

Nilimuuliza shemeji kwa nini hakunionya. Alisema alidhani nimepata mali huko Kilwa. Kijiji chote kilidhani hivyo. Dada yake shemeji alikutana nami njiani, ndoo kichwani, akasimama kunisalimia kwa adabu zote.

"Mjomba mtu," akasema, "kama za kuchomwa ndizo zile, hizo za kutokea si itabidi tuzitazame kwa miwani ya jua?"

Nikacheka naye. Mfukoni sikuwa na kitu cha kununua hata vifungo.

Basi asubuhi ile nikafika barabarani, nikakaa. Gari la kwanza kutokea lilikuwa lori tupu. Dereva aliniambia anakwenda Kiswere kupakia chumvi, na mpakiaji wake ameugua tumbo. Sikuwahi kufika Kiswere. Nikapanda kabla hajamaliza sentensi, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nitapakia, nitalipwa, tukirudi nitashuka Lindi nikainame tena kwenye mafungu. Njiani nilimsumbua dereva kwa maswali ya chumvi, inaanikwa vipi na kwa nini haiyeyuki kwa umande, mpaka akaniomba nihamie nyuma nikae na turubai.

Kiswere tulifika mchana. Chumvi ilikuwa bado ina maji. Mwenye chumvi alisema itakuwa tayari kesho kutwa, Ijumaa, na dereva akatandika mkeka chini ya lori lake kama mtu aliyezoea. Tukipakia Ijumaa, Lindi tungepita Ijumaa usiku, wenye mitumba wamekwisha kufunga, na gari halimsubiri mpakiaji mpaka asubuhi achague nguo. Hesabu yangu nyepesi ilikuwa imekufa. Nikaingia kijijini kutafuta pa kulala, maana kichwa changu hakijawahi kufikiri vizuri kikiwa hakina pa kulala.

Nyumba ya tatu ilikuwa na cherehani barazani na mzee mmoja mfupi nyuma yake. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kusimamisha miguu. Nikamwambia natafuta chumba. Akauliza nimefuata nini Kiswere, na kwa sababu niliulizwa vizuri nikaeleza yote: jando, madubu, moto, chumvi yenye maji. Kwenye madubu alisimamisha cherehani. Kwenye moto alimwita mkewe aje asikie, nikarudia tangu mwanzo.

"Hao watoto wana kimo gani?" akauliza alipomaliza kufuta macho.

Nikalaza kiganja hewani kuonyesha.

"Hapo umenionyesha mbuzi. Mtoto wa mtu haonyeshwi hivyo."

Nikasimamisha mkono, vidole juu, kama inavyopasa. Bado haikumtosha. Akataka wananifika wapi wakisimama karibu nami. Nikamwambia mkubwa ananifika kwenye mfuko wa suruali, mdogo chini yake kidogo, na nikapagusa pale mfukoni. Fundi akaifuata ile suruali kwa macho, kutoka mfukoni kwenda chini. Ilikuwa bugaluu ya tetroni, ya enzi zile vijana walipokuwa wakikimbizwa na mgambo kwa kuivaa. Nilikuwa nimeitunza miaka yote nikiamini mtindo utarudi. Kila mguu ulikuwa mpana kama pazia.

Alitoka nyuma ya cherehani, akapiga magoti, akashika upindo wa mguu wa kulia na kuupima kwa shubiri.

"Hapa pana kaptura," akasema. Akahamia mguu wa kushoto. "Na hapa pana ya pili. Mashati nitatoa kwenye mabaki ya kitambaa cha sare, utanilipa ukishapakia chumvi yako."

Nikamuuliza kama hizo zitahesabiwa mpya.

"Zimewahi kuingia kumbini?"

"Hazijawahi."

"Basi mpya. Vua."

Msuli wake wa akiba ulikuwa umefuliwa, unachuruzika maji kambani. Mkewe akanipa kanga. Ilikuwa na maua mekundu, na nyuma, mahali nilipopakalia, palikuwa na maneno makali ya kumsuta mke mwenza, ambayo yule mama alinisomea kwa sauti kwa sababu mwenyewe sikuweza kuyaona. Nikauliza kodi ya chumba ni kiasi gani. Fundi alikuwa ameshatia mkasi kwenye goti la kulia.

"Mtu asiye na suruali hatozwi," akasema. "Atakwenda wapi?"

Nimelala nyumba nyingi nikiwa na mguu mmoja nje, lakini ile ya Kiswere nilikuwa sina njia ya kuitoka. Yule mama akanionyesha chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo linalotazama barazani. Nikakaa hapo, kanga nimeikaza kiunoni, nikimuuliza fundi kupitia dirishani kwa nini anashona mfuko kwanza na pindo mwisho. Alinijibu mara mbili, ya tatu akazidisha mwendo wa cherehani. Kabla ya alasiri alinirushia kaptura ya kwanza ndani, ingali na joto la pasi, na akaniagiza niitazame vizuri kama kiuno kitamwenea mtoto. Nikaitandaza juu ya mapaja yangu, juu ya maua mekundu. Ilikuwa na mifuko miwili.