Bi. Del, aliyejizika kwa simu jina lake likiwa mlangoni

Saa moja kasorobo asubuhi, taa za barabarani bado zinawaka, na Bi. Delphine Rucker tayari yuko katikati ya njia. Mkono wa kulia umeinua kibao chekundu. Wa kushoto umemsimamisha dereva wa lori la maziwa, ambaye anashusha kioo na kuomba radhi kabla hajaulizwa kosa.

Baridi ya Marlow Falls, Ohio, mwezi Februari haina mfano. Wapo wanaoapa kwamba mwaka juzi mtu alipiga chafya nje ya posta, chafya ikaganda hewani, ikaanguka na kuvunjika. Bi. Del, kama kila mtu anavyomwita, anasema hiyo ni chumvi.

"Haikuvunjika," anasema. "Ilipata ufa tu."

Watoto wa shule ya msingi wanavuka. Mmoja hana kofia. Bi. Del anamuuliza iko wapi, anajibiwa iko nyumbani. "Nayo inasoma shule gani?" Mtoto anacheka, anafunika masikio kwa viganja na kukimbia.

Ana umri wa miaka 63, na kazi hii ya kuvusha wanafunzi ameifanya miaka kumi na minne. Inamlipa dola 14 kwa saa, saa nne kwa siku, na shule ikifungwa mshahara nao hufungwa. Jioni anakunja nguo za watu kwenye duka la kufulia. Usiku analala kwa mpwa wake Yvette, juu ya kochi lenye chuma kimoja katikati ambacho, kwa maelezo yake, kinajua uti wa mgongo wake kuliko daktari.

Hakuwa mtu wa kochi. Yeye na mumewe, Clovis, aliyekuwa dereva wa gari la mikate, walipanga ghorofa ya tatu kwa miaka mingi. Miaka mitatu iliyopita Clovis akapigwa na kiharusi, mshahara wake ukakatika, na nyumba ikawashinda. Clovis akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa ng'ambo ya mto. Bi. Del akaenda kwa Yvette na mabegi mawili.

Madaktari walishasema Clovis anaweza kurudi nyumbani. Shida ni neno hilo la mwisho. Anahitaji nyumba ya chini, milango ipitishe kiti cha magurudumu, na mtu wa kulala naye chumba kimoja amsikie akiita. Nyumba ya namna hiyo hapa mjini haipungui dola 950 kwa mwezi. Bi. Del akilipa hiyo, watakula theluji.

Ndiyo maana aliomba msaada wa kodi. Ukipata, ofisi ya nyumba hulipa sehemu kubwa, nawe unatoa kama theluthi moja ya kipato chako. Lakini waombaji ni wengi, na orodha ikifunguliwa hufunguliwa siku chache tu, kisha inafungwa kwa miaka. Ilipofunguliwa mara ya mwisho, Clovis alikuwa bado hospitalini. Bi. Del aliomba akiwa amesimama kwenye duka la donati la Wendell Pruitt, kona ileile anayovushia watoto. Wendell ndiye aliyebonyeza simu, kwa kuwa vidole vya Bi. Del vilikuwa vimegoma kwa baridi.

Akapewa namba 1,840.

Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya namba. Watoto wakishaingia darasani, Bi. Del anaingia dukani, Wendell anammiminia kahawa, simu inafunguliwa na wateja wanauliza, "Leo upo ngapi?" kama watu wanaoulizia matokeo ya mpira. Wengine waliwekeana dau la donati. Inasemekana kuna fundi bomba aliyekula donati za ushindi hadi mlango wa gari lake ukakataa kumfungia.

Namba ilishuka taratibu. Mara nyingine ilipanda, kwa sababu wanaolala nje na wanaokimbia vipigo majumbani hutangulizwa. Wendell alikuwa akilaani. Bi. Del alikuwa akimnyamazisha.

"Mimi nina kochi," alimwambia. "Yule hana hata kochi. Unataka nimvute shati arudi nyuma?"

Msimu wa majani kuanguka uliopita, namba ilifika 22. Hapo ndipo Bi. Del alipokufa.

Ili kifo hicho kieleweke, ni lazima yaelezwe mambo ya simu. Katika nchi hii matapeli wa simu ni wengi kuliko inzi wa Julai. Kutwa wanapiga: bima, deni, zawadi, dhamana ya gari lako imekwisha. Watu wenye akili hawapokei namba wasiyoijua. Bi. Del alikuwa akipokea. Huo ndio ulikuwa mchezo wake, na kona nzima ilikuwa ikiusubiri.

Simu ikilia saa ambayo hakuna watoto, aliweka spika, wateja wa Wendell wakatoka nje na vikombe. Bi. Del hana gari, lakini aliwahi kumweka tapeli wa dhamana kwenye simu kwa muda mrefu akimweleza ugonjwa wa gari lake, ambalo lilikuwa linakohoa, linakataa chakula na lina wivu. Mwingine alimwomba namba ya benki, akaimbiwa wimbo wa kanisani beti zote. Wendell anashikilia kwamba mmoja aliacha utapeli siku hiyohiyo, akaokoka.

Asubuhi moja ya Novemba simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikasema inampigia Delphine Rucker kumpa habari njema kuhusu nyumba, ila kwanza athibitishe tarehe yake ya kuzaliwa.

Habari njema na tarehe ya kuzaliwa, katika pumzi moja. Wateja wa Wendell wakaanza kucheka kabla ya wakati. Bi. Del akawafanyia ishara watulie, akaishusha sauti.

"Mama, umechelewa," akasema. "Delphine tulimzika Jumamosi."

Yule mwanamke akauliza anaongea na nani.

"Dada yake. Nimeachiwa simu na deni la sweta."

Fundi bomba alilazimika kukaa kwenye ukingo wa barabara. Yule mwanamke akasema, "Pole sana, mama. Mungu awape nguvu." Akakata.

Bi. Del anakumbuka kwamba yeye hakucheka na wenzake. "Matapeli hawatoi pole," anasema. "Wanatukana. Nilisimama pale najiuliza, huyu mbona kaumia?" Lakini watoto wa chekechea walikuwa wanakuja, akainua kibao chake.

Ijumaa ikafika. Wendell akafungua simu, akatazama, akasogeza miwani, akatazama tena. Mteja mmoja akauliza upo ngapi. Wendell alimgeuzia Bi. Del simu asome mwenyewe: ombi limefungwa, mwombaji amefariki.

Hakuna aliyecheka. Bi. Del aliketi kwenye kiti cha juu, akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Clovis," akasema.

Siku ileile alipanda basi hadi ofisi ya nyumba, akachukua tiketi, akakaa hadi alipoitwa. Nyuma ya kioo alikuwapo karani, Renata Dombrowski, mwanamke wa makamo mwenye msalaba mdogo shingoni. Akamuuliza amsaidie nini.

"Nimekuja kuhusu kifo changu," Bi. Del akasema.

Renata akainua uso taratibu. Sauti aliijua.

"Wewe ni yule dada mtu."

"Mimi ni yule marehemu."

"Nilikuombea," Renata akasema. "Jumapili, kanisani. Nilitaja jina lako mbele ya watu."

"Nashukuru. Usiiondoe hiyo sala, naona naihitaji."

Renata hakutabasamu. Alimweleza mambo yalivyokwenda, na Bi. Del anasema ingekuwa heri kama angemfokea. Jina lake lilikuwa limefika, maana ofisi huita waombaji kwa makundi. Ofisi ilimwandikia barua, ikaenda kwenye ile ghorofa ya tatu, ikarudi. Bi. Del alipohama alikuwa amebadilisha anwani posta, akadhani posta na ofisi ya nyumba huongea. Hawaongei. Barua ikirudi, mwombaji hukatwa. Renata hakutaka kumkata mtu aliyesubiri miaka mitatu, akapiga simu kwa hiari yake, akaambiwa habari za mazishi.

"Ungekuwa hujajibu kabisa," Renata akamwambia, "ningepiga tena kesho yake. Lakini maiti sina namna ya kumpigia tena."

Mtu aliyeandikwa amekufa hawezi kufufuliwa na karani. Kulikuwa na njia moja: aombe shauri lake liangaliwe upya na msimamizi, alete kitambulisho, barua ya mwajiri kwamba bado anavusha watoto, na maelezo ya maandishi ya jinsi ilivyotokea. Msimamizi akikataa, Bi. Del angeanza tena mkiani, kwenye orodha ambayo ilikuwa imefungwa.

Maelezo hayo aliyaandika mara nyingi. Yvette alimshauri aseme hakuwa yeye, ni mtu aliyeokota simu. Wendell alijitolea kusema ni yeye, kwa sauti nyembamba. Bi. Del akakataa yote mawili. Aliandika kwamba alidhani ni matapeli, alikuwa anawachekesha watu, na anamwomba radhi Bi. Dombrowski kwa kumtia huzuni. Akasaini.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumweleza Clovis. Tangu augue maneno yake huja polepole, kama mtu anayetoa sarafu mfuko wa ndani wa koti. Bi. Del alikaa kando ya kitanda, akasema yote bila kupunguza: namba, simu, mazishi, na kwamba kurudi kwake nyumbani sasa kuko mezani kwa mtu wasiyemjua.

Clovis akamgeukia.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "ni mgane."

"Ndiyo, mume wangu."

"Kuna muuguzi hapa. Wa zamu ya mchana." Akapumzika. "Ana pudingi."

Bi. Del anasimulia kwamba alicheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka, na Clovis akamshika kidole gumba, ambacho ndicho mkono wake mbovu unachoweza kushika.

Majibu yalikuja Januari. Simu ililia akiwa duka la kufulia na shuka la mtu mikononi. Alipokea kwa kutaja jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, na maneno "niko hai" kabla ya kuulizwa chochote. Renata, maana ndiye aliyepiga, alicheka kwa mara ya kwanza. Msimamizi alikuwa amekubali. Jina limerudishwa palepale lilipokuwa, na hati yake iko tayari.

Hadithi za watu wengi huishia hapo, lakini hati ya msaada wa kodi haina kuta wala paa. Ukipewa, una miezi miwili ya kutafuta mwenye nyumba atakayeikubali, na wengi hawaikubali. Wapo waliomwambia nyumba imeshachukuliwa, tangazo likiwa bado dirishani. Mmoja alimwambia hapendi karatasi za serikali, na Bi. Del akamuuliza kama pesa anazopenda zimechapwa na mjomba wake.

Mwezi mmoja umekwisha. Jumamosi hii yuko mtaa wa nyuma ya kiwanda cha zamani cha glasi, mbele ya nyumba ya chini yenye ukumbi mdogo na ngazi moja tu mlangoni. Mwenye nyumba, mzee Ferris Haddad, ana funguo nyingi na uso wa mtu aliyewahi kuumizwa na mkaguzi wa ofisi ya nyumba.

"Walinikataa kwa ajili ya dirisha," anasema. "Dirisha moja. Halikufunguka."

"Sasa linafunguka?"

"Linafunguka kama mlango wa peponi."

Bi. Del anakwenda kulijaribu. Linafunguka, baada ya kulipiga kwa kiganja mara mbili. Anamwambia mzee Haddad, bila kuficha, kwamba mumewe anatumia kiti cha magurudumu, kwamba wanaume wa kanisani kwake wako tayari kutengeneza njia ya mteremko kwenye ngazi ile bila kumdai senti, na kwamba mkaguzi lazima aje aipitishe nyumba kabla ofisi haijalipa. Yeye mzee anaweza kusema hapana sasa hivi, wasipotezeane wikendi.

Mzee Haddad anazungusha funguo. Anauliza watakaa wangapi.

"Wawili."

"Wavutaji sigara?"

"Mmoja aliacha, mwingine alikatazwa."

Anafikiri. Halafu anasema mkaguzi aje Jumanne, na dirisha atalipaka mafuta leo. Nyumba ikipita, funguo ni za Bi. Del. Isipopita, mzee Haddad hataki kusikia neno ofisi mpaka azikwe, na azikwe kweli, maana hadithi ya Bi. Del imeshamfikia.

Bi. Del haruki wala hapigi vigelegele. Anapima mlango wa chumba cha kulala kwa utepe wa kushonea, anaitikia kwa kichwa, anaingia. Chumba ni kitupu, sakafu ya mbao, jua la baridi limelala katikati.

Anakunja koti lake, analiweka chini liwe mto, na analala chali sakafuni, upande wa ukutani, akiacha nafasi ya mtu mmoja karibu na dirisha. Kutoka pale unaonekana mti wa jirani, waya wa umeme na kipande kizuri cha anga.

Mzee Haddad anachungulia mlangoni, anauliza kama ameanguka.

"Hapana," anasema Bi. Del, bila kuinuka. "Nataka nijue atakuwa anaona nini akiamka."