Gesti Yenye Mwenye Nyumba

Kosa lilikuwa langu, maana nilijigamba. Tulikuwa nyumbani Kasulu, tunapanga safari ya kwenda Tanga kwenye ndoa ya mdogo wangu, na wazee walipofika kwenye suala la malazi wakaanza kutazamana. Nikadakia, "Malazi niachieni mimi." Nauza vitenge sokoni, mzigo naufuata mwenyewe mpakani Manyovu, na katika biashara hiyo nimelala gesti za kila namna, zenye kunguni na zisizo na kunguni. Nilijiona nimehitimu.

Mdogo wangu huyo ndiye kitinda mimba wetu. Alikwenda Tanga kwa kazi ya ufundi umeme, akapata mchumba hukohuko, kisha akatupigia simu kwamba ataoa kule na ataishi kule. Baba alishinda shambani siku mbili, harudi mpaka giza. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba alishamtengea kijana kiwanja nyuma ya nyumba yetu, tofali zimechomwa, zimepangwa. Siku ya tatu akatamka kwamba atakwenda, ila akiona kule hapamfai atageuza siku hiyohiyo, ndoa ifungwe bila yeye. Kwa wasiomjua yalikuwa maneno ya hasira. Sisi wanawe tulijua hatanii hata kidogo. Kwa hiyo kazi yangu haikuwa kutafuta vitanda tu, ilikuwa kumfanya mzee akae Tanga kuanzia Alhamisi tutakayofika mpaka Jumamosi ya nikaha.

Jirani yangu sokoni, muuza kanzu na mashuka ambaye ana ndugu zake huko pwani, alinipa namba za gesti tatu. Nikapiga, nikabembeleza bei, nikaambiwa vyumba vipo, vingine hata selfu, choo na bafu ndani. Mdogo wangu alipotaka kunisaidia nikamkemea, nikamwambia ashughulike na wakwe zake. Tulisafiri watano: baba, baba zangu wadogo wawili, shangazi yangu wa Kibondo, na mimi. Tukakata nchi nzima kwa basi, tukashuka Chalinze kudaka basi jingine, na Alhamisi asubuhi tukaingia Tanga miguu imevimba lakini tunacheka.

Gesti ya kwanza ilikuwa safi, sakafu inang'aa. Binti wa mapokezi akatusukumia kitabu cha wageni. "Jazeni hapa, halafu niwape funguo." Mimi nikashika kalamu. Baba alikuwa amesimama mlangoni, begi bado liko begani.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza.

"Yuko Dar, mzee."

"Anarudi lini?"

"Huwa haji. Anatumiwa hesabu kwa simu."

Baba akageuka, akatoka nje.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa Kiha analijua, na ambalo mimi kwa kuzoea gesti za mipakani nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwetu mgeni hatui mzigo mpaka mwenye nyumba atoke ampokee. Atoke kweli, ashike mikono yako miwili, mpige makofi taratibu, mwulizane habari za watu, za ng'ombe, za mvua, za njiani, na mkimaliza mwanze tena. Wageni kutoka mikoa mingine, walimu na madaktari wanaohamishiwa kwetu, hutucheka kwamba salamu zetu zinaweza kuivisha maharage. Kwa baba, kulala katika nyumba ambayo mwenyewe hajakupokea ni sawa na kuruka ukuta. Kila alipokwenda maishani mwake palikuwa na mtu wa kumpokea, kwa hiyo sikuwahi kuliona jambo hilo likileta taabu.

Gesti ya pili nikaingia peke yangu kwanza. Nikamuulizia mwenye nyumba kabla ya kuuliza bei, na mhudumu akanitazama kana kwamba nimekuja kudai kodi ya serikali. "Hii ni ya kampuni, dada." Nikatoka kumweleza baba kwa upole, nikitumaini neno kampuni litamtuliza.

"Kampuni inalala wapi?" akauliza.

Baba zangu wadogo wakaanza kukohoa, na nilijua wanazuia kicheko. Nilikasirika. Jua lilikuwa limeshika kasi, joto la pwani hatulijui sisi watu wa milimani, na fulana yangu ilikuwa imenigandia mgongoni.

Gesti ya tatu nikafanya ujanja, na naukiri hapa hadharani. Nilimkuta kaka mmoja wa mapokezi, mcheshi, ana kitambi cha heshima. Nikamnong'oneza ajifanye ndiye mwenyewe, dakika tano tu. Akakubali kwa furaha, akatoka nje ametanguliza mikono mbele, "Karibuni nyumbani kwangu, wazee!" Uso wa baba ukafunguka. Akatua begi, akamshika mikono, akaanza. Habari za watoto, nzuri. Habari za mama mzazi, nzuri. Kaka alikuwa anakwenda vizuri mpaka baba akaingia kwenye nyumba yenyewe: imejengwa lini, maji ya kufyatulia tofali yalitoka wapi, fundi alikuwa nani. Kaka akaanza kutokwa jasho. Akaniangalia mimi. Baba naye akaniangalia mimi. Kisha akaokota begi lake.

Akatembea hadi kona moja ya eneo hilo la Ngamiani, akaketi juu ya begi hilo kwenye kivuli chembamba cha ukuta. "Nipeleke stendi," akasema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana niliogopa. "Mji huu hauna wenyewe. Mtoto wangu anakaa na nani huku?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilitaka kumwambia kwamba kijana ana miaka ishirini na saba, ana kazi, ana mchumba, na kwamba sisi sote tumechoka. Nikaona mikono yake inavyoishika kamba ya begi. Mzee wangu alikuwa na hofu, basi.

Aliyetuokoa ni shangazi wa Kibondo, naye hakukusudia. Alikuwa amebanwa na haja tangu gesti ya kwanza, na sasa hakuweza kungoja tena. Akapiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa mbele yetu, ya zamani, mlango wa mbao, kipande cha boksi kimeandikwa kwa chaki kwamba vyumba vipo. Akakaribishwa ndani mbiombio. Baada ya muda akatoka bibi mmoja mnene, kanga mbili, miwani imefungwa uzi, shangazi nyuma yake.

"Bibi huyo aniambia mko watano, mwakaa juani," akasema. "Mbona hamuingii? Nyumba haing'ati."

"Nyumba ni yako?" baba akauliza, bado ameketi.

"Ya nani tena? Nimezaliwa chumba kile cha kushoto."

Baba akasimama. Bibi akamshika mikono miwili, akamuuliza hali, akamuuliza safari, akamuuliza watu wa nyumbani, wazima, wagonjwa, na waliofiwa. Baba akauliza za kwake. Akauliza fundi wa nyumba alikuwa nani. Alikuwa babake bibi mwenyewe, na chokaa aliichoma kwa matumbawe. Baba hakuwahi kusikia chokaa ya matumbawe, ikabidi aelezwe mwanzo mpaka mwisho. Nasi tumesimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba anachoka kabla ya mwenzake.

Bei ndiyo iliyonichekesha. Bibi alikuwa amezoea kupokea ndugu wa wagonjwa wanaotoka wilayani kuuguza hospitali, vyumba vyake havina feni, bafu ni la wote, maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, na jiko la uani ni ruhusa kwa kila mgeni. Ikawa nafuu kuliko gesti zote tatu nilizobembeleza kwenye simu. Unga wetu wa muhogo na maharage tuliyobeba kwa ajili ya wakwe vilianza kupikwa mchana uleule, na bibi akala nasi akilalamika kwamba ugali wetu unavutika. Alikula sahani mbili.

Baba akakaa. Jumamosi akavaa kanzu, akaenda kwenye nikaha, akamuombea kijana dua ndefu. Nikadhani kazi yangu imekwisha, lakini uso wake haukuwa umetulia. Alikuwa ametimiza wajibu wa mzazi, basi, na kesho yake angerudi kwenye kiwanja chake na tofali zake.

Jumapili kabla ya basi tukaenda kuwaona maharusi walipopanga, vyumba viwili pembezoni mwa mji. Mlango ulikuwa wazi. Baba zangu wadogo wakatangulia, wakaingia kama watu wanaoingia kwa mtoto wao. Baba akabaki uani. Nikamwambia, "Baba, ingia, ni kwa mwanao." Hakusogea. Ndani mdogo wangu alikuwa anahangaika na viti, na mimi nikafungua mdomo nimwite.

Sikuhitaji. Alitoka mwenyewe, mkewe nyuma yake, mikono miwili mbele. Kijana ambaye maisha yake yote alimwamkia baba huku akikimbia kwenda kucheza, akasimama akampokea. Makofi taratibu. Baba akamuuliza habari za nyumba hii. Habari za majirani. Habari za maji. Akamuuliza kama anavyomuuliza mzee mwenzake, bila kuruka hata moja, na mdogo wangu akajibu yote. Mimi nililia waziwazi, na shangazi akaniambia niache kuwatia watu nuksi.

"Ego," baba akasema mwishoni, ndiyo yake ya Kiha anayoitoa akiridhika. Akaingia, akaangalia chumba cha kwanza, akaangalia cha pili.

"Mgeni hulala wapi?"

"Kitandani kwetu, baba. Sisi tutalala chini."

Baba akanigeukia mimi. "Mwaka kesho nikija," akasema, "usihangaike kunitafutia mahali."